Visanduku Tisa

Serikali humuuliza mtu maswali mengi, na Wendell Hostetler alikuwa ameyajibu yote kwa adabu: jina lake, mtaa wake, mwajiri wake, kama ni kipofu, na, kwa kuwa serikali haipendi kudhania, kama yungali hai. Swali lililomshinda lilikuwa na visanduku tisa tu, vimepangwa kwa mstari kama viti vya wageni ambao hawajafika. Juu yake pameandikwa: namba ya mke.

Mke alikuwepo. Saa ile ile alikuwa jikoni akikanda unga wa mkate wa jibini na kuimba wimbo wa kwao. Kilichokosekana ni namba, ile ambayo serikali humpa kila mkaazi. Ketevan aliingia nchini mwezi wa Septemba kwa viza ya uchumba, wakafunga ndoa Novemba, na katikati yake kulikuwa na majuma machache ya kwenda kwenye dirisha la ofisi kuiomba hiyo namba. Wendell alisema watakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa msimu wa kuwinda kulungu, na mwanamume wa Lima, Ohio, asiyeingia porini msimu huo, majirani humuulizia kama anaumwa. (Mji unaitwa Lima, ingawa nusu ya watu wake hawajawahi kushika jembe.) Majuma yakapita, muda wa viza ukawa mfupi mno kuombea namba, dirisha likafungwa. Wendell alirudi na kulungu mmoja, wa kadiri.

Basi mwezi wa pili, yeye na kompyuta yake, akijaza fomu ya kodi ya mwaka, aliviacha visanduku wazi. Mtambo ukageuka mwekundu. Akajaza sifuri tisa. Nyekundu. Akajaza namba ya simu ya nyumbani, tarakimu moja ikakosa pa kukaa. Nyekundu. Hapo ndipo aliporudi nyuma kurasa tatu, mpaka kwenye swali la hali ya ndoa, akaondoa alama penye “nimeoa” na kuiweka penye “sijaoa.” Kurasa zote zikawa kijani. Mtambo ukampongeza kwa jina lake. Mwishoni akabonyeza kiapo kwamba yote aliyoyasema ni kweli tupu, na huko jikoni wimbo ukaendelea.

Alijiambia ni jambo la muda. Namba ikipatikana, atarekebisha. Kodi iliyozidi ikarudishwa kabla theluji haijayeyuka, naye akamnunulia Ketevan koti la baridi, zito, la kijani. Ketevan alilivaa dukani asitake livuliwe. Walipofika nyumbani ndipo Wendell alipogundua kwamba kijani chake ni kile kile cha zile kurasa, na tangu siku hiyo, kila mkewe alipotoka nje, aliona hicho tu.

*

Barua ya uhamiaji ilifika mwezi wa Aprili. Mahojiano yao ya ndoa yangekuwa tarehe kumi na nne Mei: mume na mke waje pamoja, na vielelezo. Ofisa angewatazama, angezitazama karatasi, kisha angeamua kama Ketevan atakaa Ohio au atarudi alikotoka.

Ketevan hakuogopa karatasi. Kwao Kutaisi alikuwa karani wa daftari la vizazi, ndoa na vifo kwa miaka kumi na mmoja. Kwa kalamu yake mwenyewe alikuwa ameozesha maelfu ya watu. Alinunua faili, akalitia vitenganishi vya rangi, akapanga picha za harusi, mkataba wa nyumba, na bili ya umeme yenye majina yote mawili. Mama yake Wendell, Bi Arlene, ambaye aliposikia kwamba jina la nyumbani la mkwewe ni Keto aliuliza kama wazazi wake walimpa jina la ile njia ya kupunguza mwili, alilitazama faili na kukiri kwamba hajapata kuona ndoa iliyopangwa vizuri kiasi kile.

“Bado nakala ya kodi tu,” Ketevan alisema wakati wa chakula.

“Ipo mahali,” Wendell akasema.

“Mahali wapi?”

“Kwenye kompyuta.”

“Kompyuta ile pale mezani.”

“Ndani ya kompyuta kuna mahali pengi.”

Ketevan akacheka. Akamsimulia habari za bwana mmoja wa Kutaisi, Shota, ambaye karani mmoja mzembe alimwandika marehemu. Kila Jumatatu kwa miezi saba Shota alikuja ofisini na maua, akiwasihi wamfufue, na mkewe naye keshaanza kuizoea pensheni ya ujane. “Kwetu karatasi ikisema umekufa,” alisema, “wewe ndiye mbishi. Karatasi haibishi.” Ndiyo maana yeye alikuwa na desturi yake: neno ambalo shahidi wake hajafika, aliliandika kwa penseli. Wino ulisubiri.

Mkate ulikuwa wa moto, jibini likivutika. Wendell alitafuna kama anayetafuna bahasha.

*

Gerejini, siku ya pili yake, akiwa chali chini ya basi la shule, alimwambia fundi mwenzake, Clete, kwamba kuna jamaa mmoja amejaza fomu ya kodi akasema hajaoa, ilhali ameoa.

Clete akauliza kama jamaa huyo yuko chini ya basi la njano.

Mabasi yote ya gereji ile yalikuwa ya njano. Clete alicheka mpaka akaegemea tairi, akampa hongera za ukapera, akauliza kama amtafutie binamu wa kuposa. Kisha kicheko kikamkauka. Aliinama, uso wake ukaingia chini ya basi ukiwa umepinduka, kidevu juu.

“Wendell. Ofisa akiona mume mwenyewe amekana ndoa, na ameapa, hizo picha za harusi atazifanyia nini?”

“Ndilo ninalojiuliza.”

“Atasema mmezinunua. Mwambie mkeo.”

“Nitamwambia.”

“Mwambie kabla hajaambiwa.”

Jioni hiyo Wendell alidhamiria kweli kweli. Aliosha mikono mara mbili, akakaa, akasema, “Keto, kuna jambo.” Ketevan, aliyekuwa akining'iniza koti lake, akasema kama ni habari ya koti asiwe na wasiwasi, keshasoma maelekezo, hatalifua kwa maji moto. Kisha akampa habari yake yeye. Maktaba ya mji ilikuwa na wastaafu wanaosaidia watu kodi zao bure kila Jumamosi; wao wangemtolea nakala hata kama ile ya kompyuta imepotea. Keshaweka nafasi, saa nne.

“Ulikuwa unasema jambo gani?” aliuliza.

“Hilo hilo la maji moto,” Wendell akasema.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika Jumamosi. Kila siku ilikuwa na asubuhi ya kumwambia na jioni ya kumwambia. Zote sita zikapita.

*

Mstaafu waliyempata alikuwa Bi Bruggeman, mwalimu wa hesabu aliyemfundisha Wendell alipokuwa na miaka kumi na minne. Mwaka ule Wendell alinakili mtihani wa Denise Fenstermaker kwa uaminifu mkubwa, mpaka jina. Bi Bruggeman alizirudisha karatasi mbili za Denise mbele ya darasa zima, na Wendell alikuwa na hakika kwamba miaka ishirini na saba haijamsahaulisha.

“Wendell Hostetler,” alisema, akishusha miwani. “Na safari hii umekuja na jina lako.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Alianza na Ketevan, kwa kuwa ndiye aliyekuja na faili. Namba yake ya kodi? Ketevan akasema hana. Bi Bruggeman akamuuliza alikozaliwa.

“Georgia.”

“Ah, mtu wa kusini! Nilikuwa nashangaa hiyo lafudhi. Mdogo wangu yuko jimbo hilo hilo, Savannah. Basi namba unayo tangu ukiwa mtoto, mwanangu. Kaitafute kadi kwa mama yako.”

“Si Georgia hiyo,” Ketevan akasema.

“Kwani ipo nyingine?”

“Ya kwetu ni nchi, nayo ndiyo iliyotangulia,” Ketevan alisema kwa upole, “kwa miaka elfu na zaidi.”

Bi Bruggeman alikubali kwamba yeye alifundisha hesabu, si jiografia. Pasipoti ilipotolewa aliisoma kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaeleza. Mtu anaweza kujaza kodi pamoja na mke wa kigeni asiye na namba, wapo wengi. Fomu ya kuomba namba hupelekwa pamoja na fomu ya kodi kwa posta. Yeye ana kibali cha kuthibitisha nakala ya pasipoti, kwa hiyo pasipoti yenyewe haitatoka mkononi mwa mwenyewe.

“Na vile visanduku tisa?” Wendell aliuliza. Hakujua kwa nini ameuliza.

“Mnaviacha wazi. Karatasi haigeuki nyekundu, Wendell.”

Karatasi, bahasha na stempu: ndivyo tu vilivyohitajika mwezi ule wa pili. Angeviacha wazi, angetembea mpaka posta, angerudi kula mkate akiwa mtu mwenye mke.

Bi Bruggeman akasema sasa itafutwe ile fomu ya mwaka uliopita. Vidole vyake vikaanza kugonga vitufe.

“Mwalimu, naomba tuzungumze pembeni kidogo.”

“Pembeni pa nini? Hii ni maktaba, kote ni pembeni.”

Kisha ukurasa ukafunguka mbele yake. Alisoma, akashusha miwani, akaipandisha, akasoma tena. Alichapa ukurasa ule, akautoa ukiwa bado na joto la mtambo, lakini hakumpa Ketevan. Aliugeuza mezani ukamwelekea Wendell.

“Msomee mkeo mstari wa tatu.”

Masikio ya Wendell yaliwaka. “Hali ya ndoa,” alisoma.

“Endelea.”

“Sijaoa.”

Kwenye meza ya jirani mzee mmoja aliyekuwa akihesabu risiti zake aliacha kuhesabu. Ketevan hakupandisha sauti. Aliuvuta ukurasa, kidole chake kikateremka chini penye saini, kama kilivyoteremka kwa miaka kumi na mmoja.

“Tarehe tisa Februari. Siku hiyo nilikuwa wapi?”

“Jikoni.”

“Nafanya nini?”

“Mkate wa jibini.”

“Ukala?”

“Nikala.”

“Na koti? Lilitoka kwenye pesa hii?”

Wendell akaitika kwa kichwa. Ketevan akasimama, akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivua koti, akalikunja vizuri kama linarudi dukani, akaliweka juu ya kiti cha tatu. Kisha akakaa na blauzi yake nyepesi, mgongo umenyooka. Nje, theluji ya Aprili ilikuwa inaanguka kwenye magari.

Hapo Wendell alisema yote. Alisema kwa sauti ya chini, akiutazama ukurasa: sifuri tisa, namba ya simu, kurasa tatu za kurudi nyuma. Alisema habari za lile dirisha na wiki ijayo na yule kulungu. Alipomaliza hakuhisi wepesi ambao watu husema huja. Alihisi tu kwamba mambo yale yalikuwa madogo, kila moja dogo, na kwamba ingekuwa afadhali kama walau moja lingekuwa kubwa.

*

Bi Bruggeman aliwapa dakika chache kwa kwenda kuchukua kahawa ambayo hakuinywa. Aliporudi alikuwa na fomu mbili na kalamu.

Fomu ya pili ilikuwa ile ya kuomba namba; ya kwanza ilikuwa ya masahihisho. Ingesema kwamba Wendell ana mke, na wangeijaza kwa pamoja. Ikipelekwa leo, risiti ya posta na nakala vingeingia kwenye faili kabla ya mahojiano, na ofisa angeona kosa lililosahihishwa na wenyewe badala ya uongo uliofukuliwa. Mwaka ule, kwa hesabu za kodi, Ketevan hakuwa mkaazi, hivyo pangehitajika pia barua fupi ya kwamba wote wawili wamechagua kuhesabiwa pamoja kwa mwaka mzima. Kila karatasi ingehitaji saini mbili.

“Lakini wewe nikwambie ukweli,” Bi Bruggeman alimwambia Ketevan, akimgeukia kabisa, kana kwamba Wendell ni kabati. “Ukitia saini hapa, kila alichokiandika kinakuwa chako pia. Kikiwa kweli, chako. Kikiwa uongo, chako. Hakuna wa kukulazimisha.”

Alimrudishia pasipoti. Ketevan aliitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Wendell aliisikia ile zipu mpaka mwisho. Ndege ziko, pasipoti iko, na mama yake Ketevan kila Jumapili humuuliza kwa simu lini anakuja. Bila saini yake, mahojiano yangekwisha kabla hayajaanza. Na saini ilikuwa yake peke yake.

Chini ya fomu palikuwa na nafasi ya mistari sita: eleza sababu ya masahihisho.

“Aandike yeye,” Ketevan akasema. “Mimi nitasoma.”

Wendell akaandika: Hitilafu ya mtambo. Ketevan akasoma, akaisukuma karatasi kwake. Bi Bruggeman akatoa fomu nyingine.

Akaandika: Nilikosea kuchagua.

“Kukosea ni kuangusha glasi,” Ketevan akasema. “Wewe ulirudi nyuma kurasa tatu.”

Fomu ya tatu. Yule mzee wa risiti sasa alikuwa amegeuza kiti waziwazi. Wendell aliandika taratibu, ulimi kwenye kona ya mdomo, kama mtoto aliyebakizwa darasani: Nilikuwa na mke. Niliandika kwamba sina, kwa sababu sikutaka usumbufu.

Ketevan aliisoma mara mbili. Kidole kikasimama kwenye neno la kwanza.

“Nilikuwa?”

“Nilikuwa na mke. Wakati ule.”

“Miaka kumi na mmoja nimeandika daftari, Wendell. ‘Nilikuwa na mke’ husemwa na aliyefiwa au aliyeachana. Wewe ni yupi?”

Wendell alitazama koti juu ya kiti, akatazama mkoba. Angeweza kujibu haraka, na jibu la haraka ndilo lililomfikisha pale.

“Hilo siwezi kulijibu mimi,” alisema.

Mtambo wa nakala nyuma yao ulitoa kurasa nne. Kisha Ketevan akasema, “Basi andika unachokijua.”

Bi Bruggeman akatoa fomu ya nne, akasema maktaba haina zaidi ya hizo. Wendell akaandika: Nina mke. Anaitwa Ketevan. Niliandika kwamba sina, kwa sababu sikutaka usumbufu. Alikuwa jikoni.

Bi Bruggeman aliisoma akasema kwamba sentensi ya mwisho, kwa kweli, serikali haiihitaji.

“Iache,” Ketevan akasema.

Akaichukua kalamu, akatia saini yake: ndefu, nzuri, ya mtu aliyezoea watu kumtazama akiandika. Alitia saini barua, akatia saini ombi la namba. Kisha akasimama akatoka kuelekea kwenye gari, na theluji ikamwangukia mabegani. Wendell akamfuata amelikumbatia lile koti kwa mikono miwili.

*

Ketevan hakulivaa tena. Baridi ile ya mwisho aliimaliza na jaketi la Wendell la kuwindia, la rangi ya machungwa inayowaka, wanayovaa wawindaji ili wenzao wasiwadhanie kulungu. Alikwenda nalo sokoni, akaenda nalo kanisani. Bi Arlene alipouliza kulikoni, alisema ni zuri, linamfanya mtu aonekane. Bi Arlene akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama viatu.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Ketevan alipika, akauliza habari za mabasi, akazima taa. Ila hakuimba, na Wendell alikula akisikiliza mahali wimbo ulipokuwa.

Risiti ya posta iliingia kwenye faili. Nyuma yake Ketevan aliweka nakala yao ya ile fomu, na juu ya nakala akabandika karatasi yake ya orodha, kama alivyofanya kwa kila kielelezo: jina la hati, tarehe, waliotia saini. Mstari wa mwisho ulikuwa wa hali ya ndoa ya mume. Orodha yote ilikuwa kwa wino mweusi. Mstari ule alikuwa ameuandika kwa penseli: Ameoa.

Wendell alimuuliza siku moja tu. Ketevan alisema shahidi hajafika, akaenda kufunga dirisha.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda gerejini, alilifungua faili kwa kificho, akageuza vitenganishi mpaka kwenye kile cha rangi ya bluu, kuona kama neno lipo. Lilikuwepo. Akajaribu kuwa shahidi kwa njia alizozijua. Alimpeleka kwenye dirisha la namba na kusimama kwenye foleni saa mbili, wakaambiwa wangoje majibu ya posta. Alimwambia Clete, mbele ya gereji nzima, jamaa yule alikuwa nani. Gereji nzima ilikuwa inajua. Alijifunza kukanda ule unga, na mkate wake ukatoka mgumu kama breki.

Tarehe kumi na nne Mei alilifungua faili kabla ya kuvaa tai. Neno lilikuwepo, lakini karatasi kando yake ilikuwa na vumbi la kifutio, na chini ya herufi palionekana kivuli cha herufi zile zile, zimekaa kushoto kidogo. Usiku wa jana, au alfajiri ile, Ketevan alikuwa amelifuta, kisha akaliandika tena. Safari hii alikandamiza zaidi. Bado kwa penseli.

“Uko tayari?” Ketevan aliita kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la harusi ya mahakamani, na juu yake lile jaketi la machungwa.

Wendell akalifunga faili polepole, ili lile vumbi lisimwagike, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.